Fahamu: Buti lenye mota linavyopunguza uchovu wa kutembea

Anayekuambia buti lenye mota linakutembeza anatia chumvi. Miguu inayotembea ni yako. Buti lililobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, husaidia pale tu mguu unapojisukuma kuondoka ardhini. Mota, inayopata umeme kwenye betri iliyofungwa kiunoni, huvuta kisigino juu na kukipunguzia kazi kigimbi. Ugumu ni kuvuta kwa wakati wake: ikichelewa kidogo, inageuka mzigo. Ndiyo maana vitambuzi husoma mwendo wa kifundo, na programu hujirekebisha kumfuata mvaaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature yalionyesha wavaaji wakitembea haraka zaidi kwa asilimia 9, huku wakitumia nguvu pungufu kwa asilimia 17 kwa umbali uleule, kama waliotua begi la karibu kilo 14.