Land Rover ya Kikundi Ikikosa Nguvu

Mmetuuliza: Land Rover yetu ya dizeli inashindwa na kilima ikibeba maziwa, je, tuibadilishie injini? Msikimbilie Ngara na pesa za kikundi bado.

Ile injini ya kale ya lita 2.25, hata ikiwa mpya, ilitoa nguvu-farasi 62 hivi tu. Nyingi tunazoziona hazifiki hapo: kichujio cha hewa kimejaa vumbi, nozeli zinamwaga dizeli badala ya kuinyunyiza, tapeti hazijapimwa miaka. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua yote. Moshi wa buluu ni oili, na hapo huenda ringi zimekwisha. Fundi apime kwanza kompresheni ya kila silinda.

Silinda zikiwa zimekwisha, hapo sasa tafuteni injini kuukuu Ngara au Barabara ya Kirinyaga (wazee bado huiita Grogan). 200Tdi, iliyokuja na Discovery mwaka 1989, ina nguvu-farasi 111 hivi, maana turbo yake husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Kufungia turbo injini ya zamani, hapana. Haikuundwa kwa shinikizo hilo. Na isikieni ikiwashwa ikiwa baridi. Sisi tuliwahi kununua moja iliyooshwa ikang'aa, kumbe silinda hedi ina ufa.

Bakisheni pesa za klachi, rejeta na hasa breki, kwani gari litakuwa na mbio na watu wamo nyuma. Injini mpya iandikishwe NTSA, la sivyo logbuku haitalingana na gari.