Mikupuo miwili kidato cha kwanza mwaka 2028: Tusirudi tena kwa walimu wa "voda fasta"

Na Mwandishi Wetu, London

Hesabu yenyewe ni nyepesi, hata mtoto wa shule ya msingi ataifanya. Mtaala mpya wa Tanzania Bara ulioanza kutumika Januari 2024 umepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita mwishoni mwa 2027. Wenzao waliokuwa darasa la nne, ambao wamebaki kwenye utaratibu wa zamani, watamaliza darasa la saba mwaka huo huo. Maana yake ni kwamba Januari 2028 mlango wa sekondari utagongwa na mikupuo miwili kwa mpigo. Na kwa sera mpya elimu ya lazima inafika kidato cha nne, kwa hiyo hakuna wa kuambiwa abaki nyumbani achunge mbuzi.

Ukisikiliza mazungumzo ya wakubwa, habari kubwa ni madarasa, madawati na matundu ya vyoo. Ni jambo jema, mtoto hasomi akiwa amechuchumaa juani. Lakini ukuta haufundishi, ndugu zangu. Swali ninalotaka tuulizane leo, nyinyi mlioko nyumbani na sisi tulioko huku ugenini, ni hili: nani atasimama mbele ya watoto hao, na huyo naye nani amemfundisha kufundisha?

Nauliza kwa sababu njia hii tumeshaipita. Mwaka 2004 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES. Baada ya uchaguzi wa 2005, Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, akausukuma kwa nguvu zake zote, kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walichanga, walibeba mawe na matofali. Wanafunzi wa sekondari wakaongezeka kutoka laki nne na ushee mwaka 2004 hadi zaidi ya milioni 1.4 mwaka 2009. Kwa idadi, hakuna wa kubisha kuwa ilikuwa kazi kubwa.

Walimu wakatoka wapi? Vijana waliomaliza kidato cha sita wakakusanywa, wakapewa mafunzo ya wiki chache tu, wakapelekwa mashuleni na chaki mkononi. Watanzania hawakosi jina la kumpa mtu. Wakawaita walimu wa "voda fasta", kwa jina la ile huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Tulicheka sana wakati ule. Vijana wale hawakuwa na kosa, walitumwa nao wakaenda, na wapo waliokuja kusoma zaidi wakawa walimu hodari. Lakini mtoto aliyeangukia mikononi mwa mwalimu wa wiki nne hakurudishiwa miaka yake minne.

Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri, karibu asilimia 60 ya waliofanya mtihani. Nchi ilishtuka, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na ufaulu ukapanda hadi kama asilimia 43. Sababu za msiba ule zilikuwa nyingi: vitabu, lugha, maabara ambazo hazikuwapo, mabadiliko ya namna ya kupanga alama. Si haki kuwabebesha walimu peke yao. Lakini pia si ukweli kusema kuwa walimu waliopikwa nusu hawakuwamo ndani ya chungu kile.

Sasa wapo watakaosema: leo hali ni nyingine, wahitimu wa vyuo vikuu wamejaa mitaani bila kazi, tuwachukue hao. Mtu ana shahada ya kemia, atashindwaje kufundisha kemia ya kidato cha pili?

Atashindwa, na nitaeleza kwa nini. Mwalimu wangu wa fizikia alikuwa msomi hasa. Aliingia, akaujaza ubao kuanzia pembe ya kushoto hadi ya kulia, akafuta, akaujaza tena. Sisi tulinakili. Alilijua somo lake kama anavyoijua njia ya kwao, ila hakujua sisi tumepotelea wapi. Tulipouliza swali, alirudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi.

Mwaka 1986 profesa wa Marekani, Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika makala iliyobadilisha namna vyuo vinavyofikiria ualimu. Hoja yake ni rahisi. Kuna ujuzi wa somo, na kuna ujuzi wa jumla wa kufundisha: kutuliza darasa, kupanga muda, kutunga mtihani. Katikati yake kuna ujuzi wa tatu ambao ni wa mwalimu wa somo peke yake: kujua somo hili linamkwamisha mwanafunzi wapi, kosa lipi litakuja, na mfano upi utamnasua. Mhandisi hauhitaji, wala hauji wenyewe kwa kusoma shahada. Hufundishwa.

Chukua mfano wa fizikia. Mtaani kwetu neno "nguvu" linabeba mzigo mkubwa. Mtu ana nguvu, betri ina nguvu, injini ina nguvu, ukisukuma mkokoteni umetumia nguvu. Mwanafizikia anatenganisha kani na nishati, na kila moja ina kipimo chake. Mtoto anaingia kidato cha kwanza na "nguvu" moja kichwani, anakutana na maneno manne ya Kiingereza, na kila moja analitafsiri kwa "nguvu" ile ile. Au neno "kazi". Mwambie mtoto kuwa mama aliyesimama saa nzima na ndoo ya maji kichwani bila kusogea hakuifanyia ndoo ile kazi yoyote kwa maana ya fizikia. Atakuona mwendawazimu, maana yeye mwenyewe ameibeba ndoo hiyo na shingo inamjua. Mwalimu aliyefundwa anaanzia hapo hapo kwenye ndoo, anaacha darasa libishane, ndipo analeta maana ya kisayansi. Asiyefundwa anaandika kanuni ubaoni na kwenda zake.

Chukua hisabati. Mtoto anajumlisha nusu na theluthi anapata mbili ya tano, kwa kuwa amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Ukimwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, hujamfundisha kitu. Ukimuuliza, "Mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo?" atashtuka mwenyewe kuwa ameongeza kitu akapata kidogo kuliko alichokuwa nacho. Swali hilo moja ndilo ualimu.

Kwetu ugumu huu ni maradufu, kwa sababu mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza. Mjadala wa lugha ni mrefu na sitaumaliza leo. Ila hadi hapo utakapomalizika, kila mwalimu wa biolojia, jiografia na historia ni mwalimu wa lugha pia, apende asipende. Mafunzo ya ualimu yasiyomwandaa kwa hilo yamemtuma vitani na fimbo.

Dawa ipo, na si ngeni. Inaitwa stashahada ya uzamili ya elimu. Ni mwaka mmoja kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya somo lake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaitoa, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinaitoa kwa masafa, hivyo hata mtu aliyeko kazini anaweza kusoma. Humo mtu anasoma saikolojia ya elimu, upimaji, mitaala, na mbinu za kufundishia masomo yake mawili. Kisha anakwenda mazoezi ya kufundisha.

Hapo kwenye mazoezi ndipo nataka tuitazame Uingereza, si kwa kuwa kila cha mzungu ni dhahabu, bali kwa kuwa ninaishi hapa na ninakiona. Mhitimu anayesomea ualimu wa sekondari England kwa mwaka mmoja anatakiwa kukaa shuleni siku zisizopungua 120, katika shule mbili tofauti. Hatupiwi darasa. Anaanza kwa kuketi nyuma na kutazama, kisha anafundisha sehemu ya kipindi, kisha kipindi kizima, na pembeni yuko mwalimu mlezi wa somo hilo hilo, ambaye kila wiki anakaa naye na kumwambia wapi alifanya vizuri na wapi darasa lilimponyoka. Akishahitimu, tangu Septemba 2021 anapewa miaka miwili mingine ya kulelewa, na vipindi vilivyopunguzwa. Na bado Waingereza wenyewe wanalia: walimu wa fizikia hawatoshi mwaka hadi mwaka, na serikali inatoa fedha za kuwavutia wahitimu wa masomo kama hayo waingie ualimu.

Kwetu mazoezi huwa ni wiki chache, na mara nyingi mwanachuo anapofika shuleni ni sikukuu kwa wenyeji. Mwenye somo anamkabidhi vipindi vyote na kushughulikia mambo yake. Mhadhiri anapita mara moja au mbili, anakagua andalio la somo na azimio la kazi, anatoa alama, anawahi basi. Kijana anajifunza peke yake kwa watoto wa watu.

Kulirekebisha hili hakuhitaji mkopo wa benki ya nje. Teua katika kila wilaya shule chache zenye walimu wakongwe wanaojulikana kwa kazi yao. Wape jina la walimu walezi, wapunguzie vipindi, waongezee posho, wapelekee wahitimu wa sayansi na hisabati wakae nao miezi, si wiki. Waliosoma shahada ya ualimu moja kwa moja na bado wanazunguka na bahasha za kaki, waajiriwe kwanza. Kisha wenye shahada za masomo yenye upungufu wasomeshwe ualimu kwa mwaka huo mmoja. Lakini hesabu haina huruma: atakayesimama ubaoni Januari 2028 hana budi awe amemaliza mafunzo yake mwaka 2027.

Na yafanyike bila papara. Tusisahau Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma walipoamriwa kufungasha virago na kuondoka chuoni. Baadaye baadhi walihamishiwa vyuo vya ualimu, wengine wakaambiwa hawana sifa. Waliingizwa kwa haraka, wakatolewa kwa haraka. Ualimu unaotengenezwa kwa dharura huvunjwa kwa dharura.

Nawageukia wenzangu wa huku nje. Wengi wetu tunatuma pesa za tuisheni kila mwezi, za mpwa huyu na binamu yule. Tuisheni ni kiraka. Watoto wanalipa jioni kufundishwa kile ambacho hawakufundishwa asubuhi, wakati mwingine na mtu yule yule. Kama katika ukoo wako yuko kijana mwenye shahada ya hisabati au kemia anayeuza vocha, na anapenda watoto, fikiria kumlipia ada ya mwaka huo mmoja wa ualimu. Fedha ya tuisheni inamsaidia mtoto mmoja. Mwalimu mmoja wa hisabati aliyefundwa sawasawa atapitiwa na maelfu ya watoto kabla hajastaafu.

Mimi kalamu ndiyo iliyonitoa nyumbani, na nitakaporudi sijui. Wapo watakaosema ninasema kwa sababu nina kinyongo. Waseme. Lakini watoto watakaoingia kidato cha kwanza mwaka 2028 wana majina tayari, wapo madarasani leo, na baadhi yao ni damu yangu na damu yako. Madarasa wanajengewa. Aliyeko madarakani atuambie sasa, kwa idadi na kwa mwaka: walimu wao wa fizikia, kemia na hisabati wanasomea wapi, na wangapi?