Je, Mifumo Endeshi Huria Hupatikana Bure?

Mfumo endeshi ni programu kuu ya kompyuta. Ndio unaogawa nafasi katika kumbukumbu ya mashine, unaopanga zamu za kazi, na unaoziwezesha programu nyingine zote kutumia diski, kibodi na printa. Pasipo mfumo huo kompyuta ni sanduku la waya tu. Kwa hiyo shule iliyopewa kompyuta 20 zisizo na mfumo endeshi bado haijapewa kitu kamili. Hapana budi ama inunue leseni kwa kila mashine, ama itumie nakala zisizo halali, ama itafute mfumo endeshi huria kama vile Linux. Aghalabu husemwa kwamba mifumo ya aina hii hupatikana bure. Makala haya yanakusudia kuichunguza kauli hiyo na kueleza ni kitu gani hasa kisicholipiwa.

Huria na bure

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili mahali ambapo Kiingereza hutumia moja. Kitu cha bure ni kile kisichotozwa bei. Kitu huria ni kile ambacho mtumiaji wake hakufungwa katika kukitumia. Mambo haya mawili huweza kwenda pamoja, lakini si lazima. Programu inaweza kutolewa bila ya malipo huku mwenyewe akikataza isinakiliwe wala isichunguzwe. Vilevile programu inaweza kuuzwa, na hali mnunuzi ana ruhusa ya kuifanyia atakalo.

Mwaka 1983 Richard Stallman, wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza mpango wa GNU wa kuunda mfumo endeshi huria. Uhuria huo umejengwa juu ya haki nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kugawa nakala zake, na kugawa nakala zilizokwisha kubadilishwa. Ili haki hizi zitekelezeke, mtumiaji lazima aweze kupata msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watunzi wake kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine.

Katika haki zote nne bei haikutajwa. Mwaka 1985 Stallman mwenyewe aliuza kanda za sumaku zenye programu ya Emacs, ambayo ni sehemu ya mpango wa GNU, kwa dola 150 kila moja. Hata hivyo, aliyenunua kanda moja aliruhusiwa kuwanakilia wenzake wote.

Funzo la leseni ya kwanza ya Linux

Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alitoa kiini cha mfumo endeshi kinachojulikana kama Linux. Leseni yake ya kwanza ilikataza mtu yeyote kutoza fedha kwa ajili ya nakala. Kwa mtazamo wa haraka, sharti hilo lingeonekana kuwa ndio ukarimu wenyewe. Lakini matokeo yake yalikuwa kinyume. Mtu aliyetaka kunakili Linux katika diski na kuwagawia wengine hakuruhusiwa kurudishiwa hata gharama ya diski zile. Mwaka 1992 Torvalds aliiacha leseni hiyo akachukua Leseni ya Umma ya GNU, ambayo inaruhusu malipo. Kuanzia hapo mtu aliweza kuuza diski za Linux, na wasiokuwa na mawasiliano ya kompyuta wakapata njia ya kuifikia. Hivyo ruhusa ya kutoza bei iliisaidia Linux kuenea.

Ni nani anayelipa nauli?

Funzo hilo linatuwezesha kutenganisha vitu viwili: haki ya kutumia programu, ambayo katika mifumo huria hailipiwi kwa kila mashine, na usafirishaji wa programu yenyewe, ambao daima una gharama kwa mtu fulani.

Mfano mzuri ni Ubuntu, mfumo uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kampuni ya Canonical iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Kwa miaka kadhaa kampuni hiyo iliwapelekea watu diski kwa posta, nao hawakulipa chochote. Nauli ilikuwapo, ila ililipwa na kampuni. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2011, na tangu hapo mzigo wa kuupata mfumo umemwangukia zaidi mtumiaji mwenye intaneti.

Mzigo wenyewe umeongezeka uzito. Matoleo ya awali ya Ubuntu yalienea katika diski moja ya megabaiti 700. Toleo la 24.04 la mwaka 2024 lina takriban gigabaiti 6. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, gigabaiti 6 ni sawa na megabiti 48,000. Katika mawasiliano yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, kuupakua mfumo huo kutachukua sekunde 24,000, yaani saa 6 na dakika 40, iwapo mawasiliano hayatakatika.

Sasa turudie shule yenye kompyuta 20. Kila mashine ikipakua nakala yake, shule italipia gigabaiti 120. Nakala moja ikipakuliwa na kuhifadhiwa katika flashi, kisha ikapitishwa katika mashine zote, shule italipia gigabaiti 6 tu. Nakala hiyo yaweza hata kuazimwa na shule jirani. Hayo yote ni halali, kwa sababu leseni inaruhusu kunakili. Hapo ndipo uhuria unapokaribia kuwa bure: gharama hulipwa mara moja, ikagawanywa kwa wengi.

Bei ya maarifa

Iko gharama nyingine isiyoonekana siku ya kwanza. Mfumo endeshi huhitaji mtu wa kuusimika, kuurekebisha na kuwafundisha wengine. Kampuni ya Red Hat ilijitajirisha kwa kuuza huduma za namna hiyo, hata ikanunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34 hivi. Shule isiyoweza kununua huduma hulipa kwa muda wa walimu wake. Lakini malipo haya yana faida yake, kwani maarifa hubaki shuleni. Tena, penye msimbo chanzo pana nafasi ya ubunifu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi katika Kiswahili, bila ya kungoja kampuni yoyote ya ng'ambo ione faida ya kuitafsiri.

Basi jibu la swali letu ni hili: haki ya kutumia mfumo endeshi huria hupatikana bila ya kununua leseni kwa kila mashine; chombo cha kuuleta na maarifa ya kuutunza havipatikani bure. Mwalimu anayeandaa makisio ya maabara ya kompyuta asiandike sifuri mbele ya neno "Linux". Aandike gharama ya kupakua nakala moja, gharama ya flashi moja, na siku za kumfundisha mwalimu mmoja atakayewafundisha wenzake.