Krediti Sitini Ndani ya Mihula Minne

Mwanafunzi aliyetoka Mombasa au Arusha akajiunga na chuo cha jamii California huambiwa mapema kwamba akisoma krediti 12 kwa muhula, anahesabika mwanafunzi wa muda wote. Ni kweli, na viza yake ya masomo inadai hizo 12. Lakini na apige hesabu. Kumi na mbili mara mihula minne ni 48, ilhali Chuo Kikuu cha California kinataka 60 kwa anayehamia huko kutoka chuo cha jamii. Miaka miwili imekwisha, karo imelipwa, na bado amepungukiwa na muhula mzima.

Inaniuma, maana pengo hilo huzibwa kirahisi likijulikana mapema: krediti 15 kila muhula, au masomo ya likizo ya kiangazi baada ya mwaka wa kwanza.

Njia yenyewe ni nzuri. Tangu mpango mkuu wa elimu ya juu wa mwaka 1960, California imeacha milango ya vyuo vya jamii wazi kwa watu wote, na wanaofanya vizuri huhamia chuo kikuu kuanza mwaka wa tatu. Chuo Kikuu cha California kina dhamana ya udahili iitwayo TAG, inayotolewa na kampasi sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Unachagua kampasi moja tu, na ombi la TAG hupelekwa kati ya tarehe 1 na 30 Septemba, mwaka mmoja kabla ya kuhamia. Kila kampasi hupanga kiwango chake cha wastani wa alama (GPA), na baadhi ya fani haziko ndani ya dhamana.

Sasa neno linalohitaji uangalifu: krediti zinazohamishika. Si kila somo unalofaulu linavuka nawe. Hesabu za kurudia mambo ya sekondari na Kiingereza cha ngazi za chini vinaweza kukufaa sana darasani, lakini havimo katika zile 60. Ukirudia somo ulilokwisha kufaulu, hupati krediti mara mbili. Na 60 ni kwa kipimo cha mihula miwili kwa mwaka. Vyuo vinavyofuata robo za mwaka, kama De Anza na Foothill, huhesabu 90. Anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine akumbuke kwamba krediti tatu za robo ni sawa na mbili za muhula. Tovuti ya ASSIST inaonyesha kozi zipi za chuo chako zinakubaliwa na kampasi unayoitaka. Ifungue kabla ya kujisajili.

Ndani ya zile 60 lazima ziwemo kozi saba maalumu zenye alama ya C au zaidi: mbili za uandishi wa Kiingereza, moja ya hisabati, na nne kutoka angalau maeneo mawili ya sanaa, sayansi au jamii. Ningeanza na Kiingereza na hisabati. Ukiziahirisha kisha ukateleza, huna tena muhula wa kurekebisha.

Ipo pia shahada ya miaka miwili ya kuhamia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2010, inayokuhakikishia nafasi katika mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California. Nayo hudai krediti 60. Inakuhakikishia nafasi ndani ya mfumo huo, ila si lazima katika kampasi unayoitamani.

Krediti zote za TAG zikamilike mwishoni mwa muhula wa machipuo, kabla ya kuhamia msimu wa vuli. Kiangazi kilicho kati ya muhula huo na vuli hiyo hakihesabiwi. Kwa hiyo aliyepanga kufika 60 kamili, kisha akaacha somo la krediti tatu mwezi Machi kwa sababu ya uchovu, amebaki na 57. Na amwone mshauri kabla ya kulifuta somo hilo, kwa kuwa chuo kikuu kinaweza kuondoa nafasi kiliyokwisha kumpa.