Uyoga Hausubiri Saa Sita

Bibi aliyenilea kule Nkwenda hakuwa akienda kutafuta uyoga. Alikuwa akienda kuuchukua. Sisi watoto tulizunguka mbugani tukipekua nyasi huku na huku, lakini yeye alikuwa ametoka tangu jogoo la kwanza, kikapu mkononi, akipita kichuguu hadi kichuguu kama mtu anayewapitia ndugu zake kuwajulia hali. Vyote alivijua.

"Hiki cha mgombani hutoa baada ya mvua ya pili," aliniambia. "Kile cha njia ya kisimani huchelewa. Ukikiendea leo, mjukuu wangu, utarudi na umande tu."

Wakati huo Nkwenda ilikuwa bado Wilaya ya Karagwe. Kyerwa, ambamo Nkwenda imo sasa, ilikuja kuwa wilaya inayojitegemea mwaka 2012. Mimi niliolewa upande wa Nyaishozi, uliobaki Karagwe, kwa hiyo nimeokota uyoga pande zote mbili za mpaka huo mpya, na ninaweza kusema kwamba vichuguu havikuutambua.

Wenzetu wa Ulaya wana uyoga wao unaoota majira ya baridi yakiisha, theluji ikiyeyuka. Kwetu kinachouamsha ni mvua kubwa inayoishukia ardhi iliyokauka. Mkoa wa Kagera una misimu miwili ya mvua, wa kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na ule wa Machi hadi Mei. Mvua za mwanzo zikishalowesha ardhi vizuri, na jua likatoka kidogo katikati, basi anza kuamka mapema. Uyoga uliochomoza usiku huwa mzuri asubuhi. Mchana nzi wameshautagia, na jioni ukiupasua shina unakuta funza. Ndiyo maana bibi alisema uyoga hausubiri saa sita.

Kwa nini kichuguu? Hilo nililijua nikiwa mtu mzima, na tangu siku hiyo sijaweza kukitazama kichuguu kwa macho yale ya zamani. Uyoga huu, ambao wataalamu wanauita Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942, ni zao la shambani. Wakulima wake ni mchwa. Wanakata nyasi kavu, majani na vijiti, wanavimeza, wanavishusha chini na kuvitoa tumboni kabla havijasagika vizuri. Kwa uchafu huo wanajenga kitu kama sega la nyuki, chepesi, chenye matundu, rangi ya kahawia. Juu ya sega hilo hukua utando mweupe wa uyoga. Utando unalainisha mti mkavu ambao tumbo la mchwa peke yake lisingeuweza, na mchwa wanakula vidonge vyeupe vinavyoota juu yake, kisha wanakula na sega lenyewe likishazeeka. Wataalamu wanakadiria kwamba kilimo hicho kilianza hapa hapa Afrika, yapata miaka milioni 30 iliyopita. Binadamu hajamaliza hata miaka elfu kumi na tano tangu alipopanda mbegu yake ya kwanza.

Kile tunachokiokota sisi ni kama ua la shamba hilo. Siku moja bibi aliniruhusu nifukue shina moja mpaka mwisho. Nilitumia kijiti, nikaondoa udongo taratibu kando kando, na shina likazidi kushuka. Juu lilikuwa nene kama kidole gumba. Chini likawa jembamba, gumu, limevaa ngozi nyeusi. Nililala kifudifudi, mkono umezama hadi kwenye bega, na bado sikuugusa mwisho wake. Mchwa walianza kunitambaa. Bibi akaniambia nifukie, maana nilikuwa nabomoa dari ya watu.

Juu ya kofia, katikati kabisa, pana kinundu kigumu chenye ncha. Hicho ndicho kinachotoboa udongo, na udongo wa kichuguu ni mgumu hata kwa jembe. Aina nyingine ni midogo sana, kofia kama vifungo vya shati, nayo huota kwa mamia mahali pamoja, kwa sababu mchwa wenyewe huwa wametoa vipande vya sega na kuvitandaza juu ya ardhi. Kule Zambia iko aina ambayo kofia yake huweza kufika upana wa mita moja. Wa kwetu mkubwa niliowahi kuuona ulifunika sahani ya wali.

Sasa nisikilizeni kwa makini kidogo. Nilipokuwa bi harusi mgeni, niliokota uyoga mkubwa, mweupe, wa kupendeza, kando ya zizi la ng'ombe, nikaupeleka jikoni kwa furaha. Mama mkwe aliuchukua, akaugeuza. Chini ya kofia kuna vijani vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Akavifunua kwa ukucha. Vilikuwa vimeanza kupata rangi ya kijani, kidogo tu, kama maji ya kuoshea mboga. Shinani palikuwa na pete inayoteleza juu na chini, na mzizi haukuwepo. Chini pameishia kwa uvimbe. "Mwanangu, huu haukutoka kwa mchwa," alisema. Aliutupa chooni, na kikapu nikakiosha mara mbili mbele yake.

Ule ulikuwa Chlorophyllum molybdites, ambao huwatapisha na kuwaharisha watu duniani kote, na hupenda sana mahali penye mbolea na nyasi fupi. Ule wa mchwa vijani vyake ni vyeupe au vya waridi hafifu, havigeuki kijani. Lakini hata huo si mbaya kuliko wote. Katika jamii ya Amanita wamo wanaoua: mlaji haumwi mpaka zipite saa sita na zaidi, hata siku nzima, kisha anatapika, anapata nafuu, ndugu wanamshukuru Mungu, kumbe ini linaharibika. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Na yale majaribio tunayoambizana, kwamba weka kitunguu au sarafu kwenye sufuria uone kama itabadilika rangi, au kwamba ulioliwa na wadudu ni salama, yote ni ya uongo. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, mkimbizeni hospitali hata kama amepata nafuu, na mchukue mabaki ya uyoga wenyewe. Na usiokote kwa kusoma makala, hata hii. Okota ukiwa na mtu aliyeula uyoga huo huo, wa mahali hapo hapo, kwa miaka mingi.

Elimu hiyo ya kina mama ina uzito. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya waliyoandika kuhusu unaoliwa waliyapata kwa wanavijiji waliotembea nao porini.

Ukishaupata uyoga wako, kazi ndiyo inaanza. Mimi huukata usawa wa ardhi kwa kisu, siung'oi, maana udongo ukishaingia kwenye vijani hautoki. Nyumbani naufuta kwa kitambaa kibichi. Sioshi kwa maji mengi, kwa kuwa uyoga wenyewe ni maji. Sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, na ndiyo sababu kilo kumi zikikauka hubaki kama kilo moja tu. Napasua kwa vidole kufuata nyuzi, vipande vya unene wa penseli, kisha naanika.

Hapo ndipo kahawa inaponisaidia. Meza zetu za wavu za kukaushia kahawa huwa na kazi kuanzia Mei hadi Oktoba. Novemba ziko tupu, na uyoga unakuja. Upepo unapita juu na chini, na kuku hawafiki. Jua likiwa zuri, siku mbili au tatu zinatosha. Jioni naingiza ndani kabla umande haujashuka. Lakini ni msimu wa mvua, na jua la Novemba halina ahadi. Siku za mawingu naupeleka uchanjani juu ya mafiga, moto mdogo wa kuni kavu. Utapata harufu ya moshi, na wapo wanaoupenda zaidi hivyo. Bibi aliufunga kwenye majani makavu ya mgomba akautundika humo humo jikoni. Mimi natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Kabla ya kufunga nakunja kipande kimoja: kikipinda, bado, kikivunjika kwa sauti, tayari.

Julai, wakati wa kiangazi tunachokiita ekyanda, mboga zikiwa zimekauka bustanini, naloweka kiganja kimoja kwenye maji ya vuguvugu kama nusu saa. Yale maji simwagi, yanaingia kwenye mchuzi. Kitunguu, samli kidogo, karanga za kutwanga, na ndizi pembeni. Mgeni wa Dar es Salaam huuliza ni nyama gani.

Kinachoniumiza ni vichuguu vyenyewe. Udongo wake unatoa tofali imara, na watu wanajenga. Wengine wanamwaga dawa ya kuua mchwa ili kuokoa mahindi au miti, na kichuguu kilichomwagiwa dawa usikiokotee tena chochote, wala uyoga wala kumbikumbi. Malkia akifa, mara nyingi shamba la chini hufa naye. Uyoga tunaolima vibandani, ule mamama, ni mwingine kabisa. Huu unahitaji mchwa wake. Ndani ya hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizofanywa hifadhi za taifa mwaka 2019, vichuguu vina ulinzi, lakini huko hatuingii kuokota. Vyetu ni vile vya mashambani, na vinapungua tukiviona.

Kaka yangu alibomoa viwili kati ya vichuguu vitatu vilivyokuwa shambani kwa bibi ili apate tofali za nyumba. Simlaumu kwa kutaka nyumba. Nilimwomba tu aniachie cha njia ya kisimani, tukabishana mpaka usiku. Amekiacha. Amepanda maharage hadi karibu na mguu wake, akabakiza hatua mbili pande zote. Machi iliyopita kilitoa uyoga alfajiri ya Jumapili, kwa kuchelewa kama kawaida yake, na yeye ndiye aliyenipigia simu niende na kikapu kikubwa.