Vijana Wanaopelekwa Shikusa

Watu wengi wa Kitale na Bungoma wamesikia jina la Shikusa, lakini waijuao sawasawa ni wachache. Wengine husema ni jela, wengine husema ni shule. Mzazi ambaye mwanawe amesimama mbele ya hakimu kwa kosa kubwa hajui aogope au ashukuru anapolisikia jina hilo likitajwa kortini. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe tangu asili yake.

Shikusa, iliyo katika nchi ya Kakamega, ni Borstal. Neno hilo ni jina la kijiji kimoja cha Kent, Uingereza, ambako mwaka 1902 wakuu wa magereza walianza kuwatenga vijana na wafungwa wazima. Waliona ya kuwa kijana mwizi akilala chumba kimoja na wanyang'anyi wazoefu, hutoka akiwa amehitimu katika kazi yao. Kenya ilipata sheria yake ya Borstal mwaka 1963. Waingereza wenyewe waliiacha yao kwa sheria ya mwaka 1982, lakini huku imedumu. Wavulana wana mahali pawili, Shikusa na Shimo la Tewa karibu na Mombasa. Wasichana walikaa miaka mingi bila Borstal yao, na sasa wanayo Kamae, karibu na Kamiti.

Apelekwaye huko ni kijana aliyetimiza miaka 15 na hajafika 18, na muda wake hauzidi miaka 3. Walio wadogo kuliko hao hupelekwa katika shule za marekebisho, kama ile ya Kakamega, ambazo ziko chini ya wakuu wa mambo ya watoto. Shikusa iko chini ya Idara ya Magereza. Lisifichwe neno hili: milango hufungwa, walinzi ni askari jela, na kijana hatoki apendapo. Lakini humo ndani kuna masomo ya darasani, na kuna kazi za mikono: useremala, uashi, ushonaji, kuchomelea vyuma, na ukulima. Kiboko hakimo tena katika hukumu za korti. Sheria ya watoto ya mwaka 2001 iliwaondolea watoto adhabu hiyo, na mwaka 2003 ikaondolewa kwa watu wote.

Na tuchukue mfano. Kijana wa Kiminini, mwenye miaka 17, amegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba la mahindi, akachukua panga, na jirani akafa. Kesi ya kuua haisikilizwi na hakimu mdogo. Huenda Korti Kuu, ambayo inakaa Kitale na Bungoma pia. Zamani, kijana wa namna hii hakunyongwa, kwa kuwa sheria ilikataza kumhukumu kifo mtu aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Badala yake alifungwa "kwa radhi ya Rais," na maana yake ni kwamba hakuna aliyejua siku ya kutoka. Wengine waliingia wavulana wakawa watu wazima humo humo. Mwaka 2017 Korti Kuu ya Nairobi ilitamka ya kwamba kifungo hicho kisicho na mwisho ni kinyume cha Katiba, kwa sababu kupima urefu wa adhabu ni kazi ya majaji, si ya Serikali. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe inasema mtoto asifungwe ila njia nyingine zote zikishindikana, na hapo awe kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima.

Lakini hapo ndipo penye mashaka. Kesi ikikawia, mashahidi wasipofika, jaji akahamishwa, yule kijana wa miaka 17 atakuwa na miaka 19 au 20 siku ya hukumu. Shikusa haimpokei tena. Gereza nalo sheria imelikataza kwa watoto, na kosa alilitenda akali mtoto. Majaji wa Kenya hawakuamua jambo hili kwa njia moja. Wengine wametazama umri wa siku ya kosa, wengine wametazama umri wa siku ya hukumu. Basi ndugu wa marehemu na ndugu wa mshtakiwa hukaa kortini wote wawili bila kujua litakalotoka. Tena, hata afikaye kwa wakati hupewa muda ule ule wa miaka 3 apewao mwizi wa baiskeli. Kwa aliyeiba baiskeli, miaka hiyo ni mingi. Kwa mama aliyefiwa na mwanawe, ni michache mno, na si ajabu akisema hivyo kwa sauti.

Umri wenyewe nao huleta shida. Katika Bungoma Wabukusu hutahiri mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na aliyetahiriwa huhesabiwa mwanamume, na rika lake hujulikana kwa jina. Wazee wakiulizwa umri wa kijana hutaja rika. Korti haihesabu hivyo. Huitaka hati ya kuzaliwa, na ikikosekana, daktari humtazama meno na kukisia. Kosa la mwaka mmoja katika kukisia huko laweza kumtoa kijana Shikusa na kumweka katika gereza la wazima. Hati iliyoachwa bila kuchukuliwa, kwa sababu ofisi iko mbali na siku ile ilikuwa ya kupalilia, imewagharimu wengi kuliko nauli ya kuifuata.

Kabla ya hukumu, afisa wa probesheni hutumwa nyumbani. Huzungumza na wazazi, mwalimu, chifu, na mara nyingi na jamaa ya aliyeumizwa, kisha humwandikia jaji. Wazazi wengine humkimbia wakidhani ni mpelelezi wa polisi. Hasara ni yao, kwani karatasi ile ndiyo inayomweleza jaji kijana ni mtu wa namna gani, na kama ana mahali pa kurudi.

Na mahali pa kurudi si jambo jepesi. Kutoka Kitale hata Shikusa ni safari ya kupita Kiminini, Webuye na Malava, na mzazi asiye na nauli huenda asimwone mwanawe mwaka mzima. Kijana hutoka akijua kupiga randa na kupima ukuta, naye hana randa wala mwiko. Jirani aliyefiwa yupo bado, ng'ambo ya mpaka ule ule wa shamba. Jamaa wengine humpeleka kwa mjomba wake, mbali, mpaka wazee wa pande mbili wakutane. Wengine humngoja stendi ya Kitale na kumpeleka nyumbani jioni, giza likiisha kuingia.