Wanafunzi wafunzwe kuandika amri, si kubofya tu

Juma moja kabla ya siku ya kuwasilisha miradi, mwanafunzi wangu mmoja alibisha hodi ofisini akiwa ameikumbatia tarakilishi yake kama mtu aliyebeba mgonjwa. "Mwalimu, kazi yangu yote imekwenda," aliniambia. Alikuwa akiandika programu ya kuchambua vitenzi vya Kiswahili, na wiki tatu za jasho zilikuwa zimetoweka kwa amri moja aliyoichukua kwa rafikiye bila kuielewa: "git reset --hard", pamoja na nambari ya toleo la zamani.

Sikumlaumu. Waliostahili lawama ni mimi na walimu wenzangu, ambao tumezoea kuwaonyesha wanafunzi vitufe vya kubofya tukidhani kwamba tumewafunza Git.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kukutana nayo, Git ni programu ya kutunza matoleo ya kazi. Badala ya kurundika faili zenye majina kama "mradi-mwisho" na "mradi-mwisho-kabisa" (na nani kati yetu hajafanya hivyo?), mwandishi huhifadhi kila hatua pamoja na tarehe, jina lake na maelezo mafupi. Aliyeianzisha, mnamo Aprili 2005, ni Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini aliyeasisi Linux, baada ya watengenezaji wa Linux kukosa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wakiitegemea. Fauka ya hayo, Git haihitaji intaneti ili kuhifadhi hatua. Historia yote imo ndani ya tarakilishi ya mwenye kazi, na hiyo ni neema kubwa kwa shule ambako mtandao huja na kutoweka upendavyo.

Sasa, anayebofya kitufe aghalabu huona kwamba kazi imehifadhiwa, akaenda zake kulala. Anayeandika amri hulazimika kujua kazi yake iko wapi kati ya mahali patatu: folda anamoandikia, ukumbi wa kungojea ambako "git add" huipeleka, na ghala la historia ambamo "git commit" huifungia. Elimu yenyewe imo humo. "git status" humwambia ni kipi kilichobaki nje. "git diff" humwonyesha mstari kwa mstari alichobadilisha. Sikatai kwamba vitufe vina nafasi yake. Hata mimi, ninapolinganisha matoleo mawili marefu, hupenda kuyaona yakiwa sambamba, yamepakwa rangi. Lakini hayo ni ya aliyekwisha kuelewa.

Turudi kwa kijana wetu. Nilimwuliza swali moja tu: alikuwa akitumia "git commit"? Akajibu, kila jioni. Nikamwambia aandike "git reflog". Ikatokea orodha ya kila hatua aliyopitia, kila mstari ukianza na herufi na tarakimu saba. Kwa kawaida Git huziweka kumbukumbu hizo kwa siku 90, na zile za hatua zilizoachwa kando kwa siku 30. Tukaitafuta ya jioni iliyotangulia, tukaandika "git branch uokoaji" na nambari yake, na wiki tatu zikarudi.

Kilichokosekana ni alichoandika alasiri ile, mistari arobaini hivi, ambayo haikuwa imefika ghalani. Amri ile huifuta kazi ya namna hiyo bila kuuliza.

Kingine kilichonisikitisha ni maelezo yake: "mabadiliko", "mabadiliko tena", "sawa sasa". Kwa nini yasiwe hivyo, ilhali sisi walimu hutoa alama kwa programu iliyokamilika bila kuitisha "git log"? Napendekeza tuiitishe, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, yakieleza sababu ya kila badiliko.

Kesho yake kijana aliiandika upya ile mistari arobaini. Safari hii maelezo yalisomeka: "Narudisha kanuni za kauli ya kutendwa, za awali hazikushughulikia vitenzi visivyoishia kwa a, kama samehe na jibu."